Saa za P2: mwongozo kwa wanawake wa Moshi na vijiji vya mlimani

Kama kondomu imepasuka usiku wa kuamkia leo, au hamkutumia kinga yoyote na hutaki mimba, usianze kwa kusoma. Nenda famasi iliyo wazi, ulizia P2, meza, kisha urudi hapa. Boksi likiwa na vidonge viwili vya miligramu 0.75 kila kimoja, meza vyote viwili kwa pamoja. Likiwa na kidonge kimoja cha miligramu 1.5, meza hicho kimoja. Huhitaji kupimwa chochote kabla, wala kusubiri ufungue kinywa, wala kungoja tarehe fulani ya mzunguko wako.

Huenda karatasi iliyomo ndani ya boksi ikakuelekeza umeze kidonge cha pili baada ya saa 12. Hayo ni maelekezo ya zamani. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika nchi 10 kwa wanawake zaidi ya 4,000, ukaonyesha kuwa kumeza dozi yote kwa mkupuo kunazuia mimba sawasawa na kuigawa mara mbili. Anayeigawa anajiongezea hatari ya kusahau kile cha pili, au kukichelewesha kwa sababu saa 12 zimeangukia akiwa kazini au kanisani.

Watu wengi hapa huita P2 kidonge chochote cha dharura, kwa hiyo usiangalie jina la kampuni pekee. Dawa yenyewe ni levonogestreli, na kwenye boksi utaiona imeandikwa levonorgestrel. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, hakikisha karatasi ya vidonge haijatobolewa, na usinunue kwa mtu anayeuza dawa kwenye meza juani. Nunua famasi au duka la dawa lenye kibali ukutani.

Takwimu na maana yake

Utafiti mwingine wa Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 1998, uliohusisha karibu wanawake 2,000, ndio uliotuachia takwimu ambazo wahudumu wengi wanazikariri. Kati ya mimba zilizotarajiwa kutokea, levonogestreli ilizuia asilimia 95 kwa waliomeza ndani ya saa 24 za kwanza. Kwa waliomeza kati ya saa 25 na 48, ilizuia asilimia 85. Kwa waliosubiri hadi kati ya saa 49 na 72, ilizuia asilimia 58. Dawa ni ileile na dozi ni ileile. Kilichobadilika ni muda uliopita kabla ya kumeza.

Maneno "mimba zilizotarajiwa kutokea" ndiyo yanayosahaulika dawa inapouzwa. Si kila tendo lisilo na kinga huleta mimba. Chukua wanawake 100 waliofanya tendo mara moja tu bila kinga katika wiki ya pili au ya tatu ya mzunguko. Bila dawa yoyote, takribani 8 wangepata mimba. Wote wakimeza levonogestreli kwa wakati, atapata mmoja hivi. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia "inafanya kazi asilimia 99" amewahesabu pia wale 92 ambao wasingepata mimba hata wasingemeza kitu. Wewe hujui kama uko kati ya wale 8, na hao ndio dawa hii imetengenezwa kwa ajili yao.

Na hata hizo asilimia 95 si za kuapia. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Hong Kong uliowafuatilia wanawake 860 waliomeza ndani ya saa 72. Waliopewa levonogestreli peke yake walizuiwa asilimia 63 tu ya mimba zilizotarajiwa. Waliopewa levonogestreli pamoja na piroksikamu ya miligramu 40, ile dawa ya maumivu inayouzwa kwenye famasi zetu, walifikia asilimia 95, na kati yao mmoja tu ndiye aliyepata mimba. Matokeo hayo yanatia moyo. Lakini ni utafiti mmoja, na piroksikamu ina madhara kwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye matatizo ya figo na mwenye pumu inayochochewa na aspirini. Muulize mfamasia kabla ya kuiongeza. Ikiwa kumtafuta mfamasia kutakuchelewesha, meza P2 kwanza na swali lifuate.

Dawa inafanyaje kazi

Levonogestreli huchelewesha yai kutoka kwenye ovari. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, kwa hiyo yai likichelewa, mbegu zinakufa kabla hazijalikuta. Ni kama kumchelewesha dereva wa Hiace ya Marangu pale stendi ya Moshi: akiwa bado anajaza abiria unaweza kumshikilia, lakini akishapita Kiboriloni huna la kufanya. Homoni inayosukuma yai litoke ikishaanza kupanda, levonogestreli hupoteza karibu nguvu yake yote. Yai likishatoka, haina la kuzuia.

Ndiyo maana wanawake wawili wanaweza kumeza saa ileile, mmoja akapata mimba na mwingine asipate, bila yeyote kati yao kukosea. Siku 6 zinazoishia siku yai linapotoka ndizo zenye hatari, na hatari kubwa iko kwenye zile za mwisho. Wengi wetu hatuijui siku hiyo kwa uhakika, na hata wenye mzunguko unaokwenda vizuri hupishana nayo. Usikae kuhesabu kalenda ili uamue kama utameza. Meza.

Kipo kidonge kingine, ulipristali asetati cha miligramu 30, kinachoweza kuchelewesha yai hata homoni ile ikiwa imeanza kupanda, na nguvu yake haishuki sana hadi siku ya tano. Ukikipata ndani ya siku hizo, ni bora kuliko P2, hasa baada ya siku tatu kupita. Kiulizie, lakini usizunguke mji mzima siku nzima ukikitafuta huku P2 iko mbele yako. P2 yenyewe inaweza kumezwa hadi saa 120, ingawa boksi linasema 72, mradi ukumbuke kuwa nguvu imeshapungua.

Saa zinapotelea wapi

Nimesema muda ndio unaobadilisha mambo. Sasa tazama muda huo unavyoliwa huku kwetu. Aliye Soweto au Majengo anatembea dakika chache kufika famasi. Aliye juu Uru, Kibosho au Mwika anangoja daladala ya asubuhi au anamlipa bodaboda. Aliye Tarakea ana safari ndefu zaidi. Jumapili maduka mengi ya vijijini hufungwa hadi ibada ziishe. Na duka la dawa lililo karibu, mara nyingi anayeuza anaimba kwaya moja na mama yako, au ni shemeji wa jirani. Basi mwanamke anasema nitashuka mjini Jumatatu ambako hakuna anayenijua, na Jumatatu inamkuta kwenye saa ya 40.

Zaidi ya hapo kuna suala la hospitali. Vituo vyetu vingi vya mlimani vinamilikiwa na makanisa. Kanisa Katoliki linafundisha njia za asili pekee, kwa hiyo usitegemee kupata vidonge hivi Kilema, Kibosho au Huruma ya Rombo, hata kama ndiyo hospitali iliyo karibu na ndiyo iliyokuzalisha. Ni vizuri ulijue hilo mapema kuliko kupoteza nusu siku kwenye foleni. Ulizia kituo cha afya au zahanati ya serikali, famasi, au hospitali kama Mawenzi.

Desemba ni mwezi wa kuangalia zaidi. Wachagga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, kila kihamba kina wageni, harusi na sherehe zinafuatana, wapenzi wa zamani wanakutana, na famasi nyingi hufungwa Krismasi yenyewe. Mtu anapojikuta na shida usiku wa tarehe 24, kwa wengi mlango wa dawa utafunguliwa tarehe 26 au 27.

Ushauri wangu kwa hili ni mmoja, na ninausimamia: nunua boksi moja kabla hujalihitaji, uliweke ndani. Shirika la Afya Duniani linaunga mkono mwanamke kuwa na dawa hii mapema. Kuwa nayo kabatini si kupanga uzembe, kama vile kuwa na dawa ya malaria nyumbani si kutamani homa. Iweke mahali pakavu, pasipo jua la dirishani, watoto wasipofika, na kila mwaka uangalie tarehe yake. Mwanamume pia anaweza kununua, na aliyeshiriki tendo anapaswa kushiriki safari ya famasi. Kama unaona haya kaunta, andika kwenye karatasi au kwenye simu: "Naomba P2, dozi moja." Hudaiwi maelezo zaidi, isipokuwa dawa nyingine unazotumia, na hilo nitalieleza chini.

Neno kwa dada zetu wanaopanda mlima, wapagazi na waongozaji: njia ya Machame inachukua siku 6 au 7, Marangu siku 5 au 6. Saa zako 120 zinaweza kuishia mlimani. Kama kuna wasiwasi wa usiku kabla ya safari, meza mjini au getini kabla ya kuanza kupanda. Huko juu ugonjwa wa mwinuko huleta kichefuchefu na kutapika, na kidonge kilichotapikwa hakisaidii.

Vitu vinavyopunguza nguvu

Kutapika ndicho cha kawaida. Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, meza dozi nyingine haraka. Baada ya saa hizo dawa imeshaingia mwilini. Kama tumbo lako ni jepesi kwa dawa, kula kidogo kwanza na uombe dawa ya kuzuia kichefuchefu.

Kinachosahaulika zaidi ni dawa nyingine unazomeza. Zipo zinazoliharakisha ini kuvunja levonogestreli hadi inabaki kidogo mno kwenye damu. Hapa Kilimanjaro tuna Kibong'oto, kule Siha, hospitali iliyoanza mwaka 1926 kuhudumia wagonjwa wa kifua kikuu na sasa ni hospitali maalumu ya magonjwa ambukizi. Kila anayetibiwa kifua kikuu cha kawaida, Kibong'oto au zahanati ya kijijini, anameza rifampisini, na rifampisini ni kinara wa dawa hizo. Efavirenzi, iliyokuwemo kwenye ARV za wengi, hupunguza levonogestreli kwenye damu kwa takribani nusu. Kuanzia mwaka 2019 Tanzania imekuwa ikiwahamishia watu kwenye dolutegraviri, ambayo haina tatizo hilo, lakini soma jina kwenye chupa yako badala ya kukisia. Dawa za kifafa nazo zimo: fenobabitali, fenitoini na kabamazepini. Hata griseofulvini ya fangasi wa kichwa na kucha imo. Athari ya dawa hizi zote hubaki mwilini kama wiki 4 baada ya kuziacha.

Ukiwa unatumia mojawapo, kinga bora ya dharura kwako ni kitanzi cha shaba. Usipokipata, mwongozo wa Uingereza unaruhusu dozi mbili za levonogestreli kwa pamoja, yaani miligramu 3. Mwambie mfamasia au mhudumu jina la dawa unayotumia. Huna haja ya kutaja ugonjwa mbele ya foleni. Na kamwe usiruke ARV, dawa ya kifua kikuu au ya kifafa ili P2 ifanye kazi. Haitasaidia, na utajiumiza.

Uzito nao una uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wanawake wenye unene uliopitiliza waliomeza levonogestreli walipata mimba zaidi ya mara tatu kuliko wenye uzito wa kawaida. Mwaka 2014 wakala wa dawa wa Ulaya ulipitia ushahidi ukasema hautoshi kuandika onyo kali, na wataalamu bado wanabishana. Uingereza inashauri anayezidi kilo 70 apewe ulipristali, au dozi mbili za levonogestreli. Lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2022 kwa wanawake wenye uzito wa kilo 80 na zaidi haukuona faida ya kuongeza dozi. Kwa hiyo ukiwa na mwili mkubwa, fikiria kitanzi kwanza. Hata hivyo usiache kumeza P2 eti kwa sababu ya kilo zako, maana kinga iliyopungua inashinda kutokuwa na kinga.

Zipo lawama zisizo na msingi. Mbege haipunguzi nguvu ya dawa, isipokuwa ikikufanya utapike au ulale hadi mchana. Amoksilini na panadol hazina shida nayo. Anayenyonyesha anaweza kumeza levonogestreli na kuendelea kunyonyesha. Kujiosha ndani, soda au chai ya rangi nzito hazizuii mimba hata kidogo.

Kitanzi

Cha uhakika kuliko vidonge vyote ni kitanzi cha shaba, wengine wanakiita lupu. Kikiwekwa ndani ya siku 5 huzuia zaidi ya asilimia 99 ya mimba, uzito wako haukihusu, na dawa zako hazikigusi. Kisha kinabaki kukulinda kwa miaka 10 au zaidi, na ukitaka mtoto kinatolewa. Huduma za uzazi wa mpango hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Piga simu au uulize kwanza kama mhudumu anayeweka yupo siku hiyo, kwa sababu si kila zahanati ina aliyefundishwa. Ukiweza, meza P2 leo na uende kwa kitanzi kesho.

Ukilazimishwa

Kama ulibakwa, P2 ni sehemu moja tu ya unachohitaji. Nenda Mawenzi, KCMC au kituo kikubwa kilicho karibu, mapema kadiri iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72 na humezwa siku 28. Utapewa pia dawa za magonjwa mengine ya zinaa. Ukiweza, usioge kabla, na beba nguo ulizokuwa umevaa. Fomu ya PF3 inahitajika kwa kesi na hutolewa polisi, ambako Dawati la Jinsia na Watoto litakusikiliza. Lakini mwombe mhudumu aanze matibabu huku fomu ikifuatiliwa, na uende na mtu unayemwamini. Kosa si lako.

Hofu zinazochelewesha

P2 haitoi mimba. Kama mimba imeshajishika, dawa haiitoi wala haimdhuru mtoto. Haileti ugumba, uwezo wa kuzaa unarudi mara moja, na ndiyo maana wengine hushika mimba mwezi huohuo walipomeza. Kumeza zaidi ya mara moja katika mzunguko si sumu. Ila hedhi itavurugika, na anayeitegemea P2 kila mwisho wa wiki anategemea njia dhaifu kuliko zote za homoni. Kwa huyo, kipandikizi, sindano au kitanzi vitampa usingizi zaidi, na gharama yake ni ndogo kuliko maboksi ya kila mwezi.

Baada ya kumeza unaweza kuhisi kichefuchefu, kuumwa kichwa, matiti kuuma, au kuona damu kidogo. Hedhi inaweza kutangulia au kuchelewa siku chache. Jambo la kukumbuka ni kwamba P2 haikulindi kwa tendo la kesho. Yai halikuuawa, limecheleweshwa tu, na linaweza kutoka siku chache baadaye. Tumia kondomu kuanzia siku hiyo. Kama unatumia vidonge vya kila siku, vianze au viendeleze mara moja, na kondomu iendelee siku 7. Kama ulimeza ulipristali, subiri siku 5 kabla ya kuanza njia yoyote ya homoni, la sivyo zitapingana.

Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, au isipoonekana ndani ya wiki 3 tangu tendo, pima mimba. Kipimo cha mkojo kinauzwa famasi na majibu huonekana kwa dakika chache. Damu iliyotoka kidogo siku chache baada ya kidonge isikudanganye ukadhani ni hedhi. Na ukipata maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu au damu isiyoeleweka wiki kadhaa baadaye, inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na umwambie daktari tarehe uliyomeza.